Uso wa Mpima Sandarusi

Mikono yangu imeanza kutetemeka, na mkono unaotetemeka haufai karibu na jicho la mtu. Nimeacha kazi. Hakuna aliyenifukuza wala aliyenibembeleza nibaki, kwa hiyo nadhani nimeacha kwa wakati wake. Nyinyi mnaoishika kazi hii sasa hapa Bagamoyo mmeniuliza mara nyingi dawa za chunusi, na kila nikieleza mnasikiliza dawa, kisha mnaaga kabla sijafika kwa wagonjwa wenyewe. Safari hii naandika. Anayetaka dawa tu itabidi aitafute humu ndani, na katika kuitafuta atasoma na mengine.

Kazi yetu haina vyeo. Unaanza ukiwa msingaji na unamaliza ukiwa msingaji. Kinachobadilika ni mgongo. Tunawasugua maharusi kwa singo, ule unga wa manukato, mpaka ngozi ing'ae, tunawapaka liwa ya msandali, tunawafukiza udi, na katikati ya hayo yote tunaletewa nyuso zenye chunusi na kuambiwa harusi ni Ijumaa. Mabaharia husema chunusi ni shetani wa majini anayewavuta waogaji miguu. Sijui aliyevipa vipele jina hilo hilo alikuwa na nia gani, ila nimewaona wasichana wengi waliozamishwa na vipele, na hata mmoja aliyezamishwa na shetani sijamwona.

Nilianza kazi baada ya kuachwa na mume wangu wa kwanza. Mama yangu hakupenda nishinde nikiutazama mlango, akanipeleka kwa Bi Sauda, mwanamke wa Kaole aliyehamia mjini na kuwa msingaji wa nyumba kubwa zote za pwani hii. Bi Sauda alinitazama mikono, akaigeuza, akanusa vidole.

"Umekula nini?"

"Samaki, bibi."

"Nenda ukanawe. Kisha urudi ukanawe tena hapa, mbele yangu."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya siku ya kwanza. Ya pili ilikuwa kusaga liwa. Mnajua msio ulivyo, lile jiwe la kusugulia kijiti cha liwa kwa maji ya waridi mpaka kitoe uji. Nilisugua mpaka bega likafa ganzi, na uji uliopatikana ulitosha pua ya mtu, tena mtu mwenye pua ndogo. Bi Sauda aliuchukua kwa ncha ya kidole, akausugua baina ya vidole viwili, akasema una mchanga. Nikaanza upya. Miezi mingi ilipita kabla hajaniruhusu kugusa uso. Nilipolalamika alisema uso wa mtu si ukuta, ukikosea huwezi kupaka chokaa juu yake. Nilidhani ananitania. Baadaye niliona wasingaji waliojaribu chokaa.

Alinifundisha mambo ambayo hayana harufu nzuri, ndiyo maana hamyaulizi. Kipele hakitumbuliwi, hata mwenyewe akilia. Ndimu haipakwi usoni mtu akatoka juani. Itamchoma, na baka litakaa kuliko kipele. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa nywele, na yakiteremka kipajini hulisha chunusi kana kwamba zimealikwa. Shubiri inakatwa, inasimamishwa kwenye bakuli mpaka ule utomvu wa manjano umalizike kuchuruzika, halafu ndipo unachukua ute mweupe wa ndani. Mkipaka ule wa manjano msiseme mmefundishwa na mimi.

Lingine alilonifundisha lilitoka nyumbani kwake. Kaka yake alipata ukoma, akajengewa kibanda nje ya Kaole, na Bi Sauda ndiye aliyempelekea chakula na kumfua nguo mpaka alipozikwa. Alijua ugonjwa ule unavyoanza kuliko waganga waliokuwa wakiusimulia. "Utakuja kuletewa watu wenye vipele na kuambiwa ni ukoma," alisema. "Tazama ncha za nyusi kama zimepukutika. Shika ndewe za masikio kama zimekuwa nene. Kisha mfumbe macho, chukua mwiba wa mndimu, mguse taratibu akuambie umegusa wapi. Chunusi huuma. Ukoma hauumi, na hiyo ndiyo taabu yake."

Bi Sauda alifariki, nikarithi msio wake na wateja wake, wale waliokubali kurithiwa.

Dawa moja hakunifundisha yeye. Nilifundishwa na jirani yangu Sherbanu, mke wa Mkhoja mwenye duka la nguo, aliyetoka Kachi, Bara Hindi, na mtoto kifuani na mbegu kwenye fundo la mtandio. Mtoto alikua, na mti ukakua uani, na vyote viwili vilikuwa na majani machungu, kama alivyokuwa akisema yeye mwenyewe. Mti ule aliuita limdo. Siku hizi naona watu wanauita mwarobaini, eti unaponya maradhi arobaini. Mimi nimeutumia kwa matatu, na moja kati ya hayo silihakikishi. Kwa chunusi nalihakikisha: chemsha majani mpaka maji yawe ya kijani, yaache yapoe, nawia asubuhi na jioni. Sherbanu pia ndiye aliyenionyesha kuosha uso kwa unga wa dengu badala ya sabuni ya dukani, ambayo mumewe alikuwa akiiuza pamoja na nguo. Alinionyesha mlango ukiwa umefungwa.

Sasa nifike kwa Abdalla.

Abdalla alikuwa kijana wa Saadani aliyekuja mjini kufanya kazi ya kupima sandarusi. Mnaijua kazi ile: utomvu mgumu unaochimbwa bara, unaletwa kwa magunia, unachambuliwa, unaoshwa na kupimwa kwenye mizani. Vumbi lake linang'ang'ania ngozi, hasa ngozi yenye jasho. Alikuwa ameposa kwa Mzee Kondo, mwenye minazi upande wa Kaole, na posa ilikuwa imekubaliwa. Binti aliitwa Salima. Halafu uso wa Abdalla ukaharibika. Ulianza kidevuni, ukapanda mashavuni, ukafika kipajini, vipele vyekundu vikubwa kama kunde, vingine vigumu ndani kwa ndani. Mtu mmoja barazani alisema ukoma ndivyo unavyoanza. Hakuwa amewahi kuona ukoma ukianza, lakini alikuwa na sauti nzito.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Muuza kahawa akaanza kumtengea Abdalla kikombe chake peke yake. Tajiri wake akamwambia apimie sandarusi mlangoni, nje, kwa ajili ya upepo. Msikitini watu walimwachia nafasi pana, hata angeweza kusujudu na mikono ameinyoosha. Kilichobaki kilikuwa ni kumwambia atoke mjini, na kila mtu alikuwa akimngojea mwenzake aseme.

Mke wa Mzee Kondo, Bi Mize, alikuja kwangu wakati wa alasiri, akakaa kwenye mkeka, akauliza habari za nyumbani, za afya, za mvua, za paka. Nilijua kuna jambo.

"Bi Kheri," alisema mwishowe, "mume wangu anataka uje umtazame yule kijana."

"Mimi natazama wanawake, Bi Mize."

"Ameshamuuliza mwalimu. Mwalimu amesema kwa dharura inafaa, na yeye mwenyewe atakuwepo." Akakunjua ncha ya leso na kuikunja tena. "Mume wangu halali. Anauliza habari za ukoma kila anayepita. Unaanza wapi, unakwenda vipi, mtu anajuaje. Mpaka namwambia, baba Salima, kama humtaki kijana si useme. Anasema anamtaka."

Nikaenda. Walikuwa ndani ya sebule: Mzee Kondo juu ya kiti chake, mwalimu wa chuo cha Kurani pembeni, na Abdalla kwenye mkeka karibu na mlango, kama alivyozoeshwa. Bi Mize alikaa nyuma ya pazia, na nyuma ya Bi Mize palikuwa na mtu mwingine anayepumua, ambaye sikuambiwa ni nani na wala sikuuliza.

"Shikamoo, bibi," alisema Abdalla.

"Marahaba, mwanangu."

Uso ulikuwa mbaya, sitawaficha. Nimesinga nyuso maisha yangu yote na nilitamani kutazama ukutani. Nikatoa miiba ya mndimu, nikaeleza nitakavyofanya. Abdalla akaitazama miiba, akarudisha kichwa nyuma.

Hapo Mzee Kondo akasema, "Anza na mimi, kijana asiogope."

"Si lazima, mzee."

"Anza na mimi," alisema tena. Akapandisha mkono wa kanzu mwenyewe mpaka juu ya kiwiko, akaunyoosha mkono, akagusa mahali kwa kidole. "Hapa."

Pale mahali palikuwa na baka lililopauka, upana wa kiganja cha mtoto. Mtu angeweza kudhani ni kovu la zamani au choa. Mzee akafumba macho. Nikagusa kwa mwiba. Hakusema kitu. Nikakandamiza kidogo. Hakusema kitu. Nikakandamiza mpaka tone la damu likatoka, naye amekaa ametulia, amefumba macho, kama mtu anayengojea kunyolewa.

"Mbona huanzi?" aliuliza.

Nilitazama sebuleni. Mwalimu alikuwa akiutazama uso wa Abdalla. Abdalla alikuwa akiitazama sakafu. Nikalifuta tone kwa kidole gumba, nikasogeza mwiba mpaka kiganjani, nikagusa.

"Hapo kiganjani," alisema Mzee Kondo.

"Basi," nilisema. "Ndivyo inavyofanywa."

Akafumbua macho na kunitazama. Kazi yetu ni nyuso za watu wengine, lakini siku ile nilikuwa na haja kubwa ya wangu, nikautuliza kadiri nilivyoweza. Sijui niliweza kiasi gani. Aliteremsha mkono wa kanzu akaufunga vizuri.

Abdalla naye akafumba macho.

"Kidevuni," alisema.

"Sijagusa bado."

"Samahani, bibi."

Nikagusa kidevu, akaruka. Nikagusa shavu la kulia, la kushoto, kipaji, taya. Kila mahali alisema palipo, na mahali pengine alisema zaidi ya palipo. Nyusi zake zilikuwa nene mpaka mwisho. Ndewe zake zilikuwa laini kama za mtu yeyote. Mwalimu aliuliza nimeona nini.

"Nimeona chunusi."

"Zote hizo?"

"Zote hizo, mwalimu. Na nimeona kitambaa." Nilikishika kile kitambaa alichokitupia begani, alichokuwa akijifutia jasho mchana kutwa. Kilikuwa kigumu kwa vumbi la sandarusi na mafuta ya nazi. Kingeweza kusimama chenyewe. "Nusu ya ugonjwa ni hiki."

Mwalimu alisema Alhamdulillahi. Kisha aliondoka, na mtu yeyote aliyekutana naye njiani akaambiwa. Nyuma ya pazia mtu aliyekuwa akipumua akapumua kwa nguvu zaidi.

Mzee Kondo alinisindikiza mpaka nje ya ua, jambo ambalo wanaume wa cheo chake hawamfanyii msingaji. Alisimama akiutazama uchochoro.

"Umeona," alisema.

"Nimeona, mzee."

"Mwezi wa Rajabu niliegemea birika la kahawa. Nilinusa nyama ikiungua, nikamwambia Bi Mize jikoni kunaungua kitu. Kumbe ni mimi. Kuna dawa?"

"Nina dawa za chunusi, mzee. Ya hiyo sina."

"Kuna aliye nayo?"

"Watu watakuuzia nyingi. Aliyepona sijamwona."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei aliyoitarajia. Kisha akaniuliza kama nitasema. Nikamwambia nimeulizwa habari za Abdalla na nimejibu habari za Abdalla.

"Basi uharakishe uso wake," alisema. "Nataka binti yangu aolewe kabla watu hawajaanza kunitazama mimi. Wakinijua kwanza, hakuna atakayemchukua."

"Kijana naye aambiwe, mzee."

Hakupenda. Aliniambia kwamba ni mambo ya nyumba yake. Nilimwambia kweli, ni ya nyumba yake, na kijana anakaribishwa ndani ya nyumba hiyo. Yeye amekaguliwa mpaka ndewe za masikio, naye ana haki ya kukagua. Nilidhani sitaitwa tena nyumba ile. Akasema, "Maliza uso kwanza."

Kwa hiyo nilikuwa na uso wa kumaliza, na chunusi hazimalizwi kwa kuharakishwa. Mwenye kuwaambieni anaziondoa kwa usiku mmoja, mwulizeni anaishi wapi, na kama anahama mara kwa mara.

Kile kitambaa nilikichoma moto. Nilimpa Abdalla vitambaa vya marekani vilivyochemshwa, kila siku kipya, na nikamkataza kumpa kinyozi uso wake mpaka nimwambie. Asubuhi na jioni alinawa maji ya limdo. Sherbanu aliniachia nikate matawi mpaka mti ukabaki kama nguzo. Mchana, akitoka kwenye magunia, aliosha uso kwa unga wa dengu kabla hajagusa kitu kingine. Kabla ya kulala alipaka ute wa shubiri. Na mara mbili kwa wiki, manjano yaliyosagwa na asali, kidogo tu, yakae mpaka yakauke. Manjano hayatoki mara moja. Alikwenda kazini akiwa na rangi ya embe bivu, na tajiri wake, ambaye alikuwa ameshamrudisha ndani, alifikiria kumtoa tena.

Mwezi wa kwanza haukuonyesha kitu. Mkiifanya kazi hii mtauchukia mwezi wa kwanza. Abdalla alikuja kibarazani kwangu kila Ijumaa, akakaa mbali kwa adabu, nami nikamtazama juani.

"Zimezidi, bibi," alisema mara moja.

"Hazijazidi. Umezihesabu?"

"Ndiyo."

"Acha kuzihesabu. Unazigusa ukihesabu."

Mwezi wa pili zile ndogo zilikauka. Wa tatu, zile ngumu zilianza kulainika, zikaacha mashimo na madoa meusi. Mashimo sina dawa yake. Nimewasikia watu wakisema wanayo. Mimi nimewapaka watu liwa kwa miaka na mashimo yamebaki palepale yakinukia vizuri.

Nikampelekea Mzee Kondo habari kwamba uso umefika utakapofika. Yaliyofuata niliambiwa na Bi Mize, ambaye kwa wakati huo alikuwa amekwisha kuambiwa na mumewe, na alikuwa amekwisha kulia. Mzee alimwita Abdalla sebuleni, wakiwa peke yao, yaani wao wawili na Bi Mize nyuma ya pazia. Akapandisha mkono wa kanzu. Akamwambia baka ni nini. Akamwambia yuko huru kuondoka, na kwamba hatamlaumu, na kwamba atawaambia watu kuwa yeye mzee ndiye aliyeivunja posa.

Abdalla alilitazama baka. Halafu akasema, "Mzee, mimi sikuja kukuposa wewe."

Bi Mize alisema mumewe alicheka, kicheko kibaya, kama mlango ambao haujafunguliwa muda mrefu. Kisha wakazungumza habari za mchele wa harusi.

Nilimsinga Salima mwenyewe. Alikuwa msichana wa maneno machache, na wiki ya harusi kipele kimoja kikamtoka juu ya mdomo. Mama yake alinitazama kama nimekileta mimi. Nilikiacha. Chumbani, nikimsugua mgongo kwa singo, Salima aliniuliza bila ya kugeuka.

"Bi Kheri, uso wake ukoje?"

"Una mashimo."

"Mengi?"

"Ya kutosha. Yasikushughulishe, utayazoea."

"Hayanishughulishi," alisema. "Siku ile nilikuwa nyuma ya pazia. Alisema samahani kabla hujamgusa." Nikamwagia maji. "Na baba atakaa mbele za watu?"

"Atakaa. Atavaa joho la mikono mirefu."

Bega lake lilianza kutikisika, nami nikaendelea kusugua, kwa sababu mtu anayelia akisuguliwa anaweza kusema ni singo iliyomwingia machoni. Hiyo pia ni sehemu ya kazi yetu.

Harusi ilipita salama. Watu walimtazama Abdalla uso mpaka wakachoka, na Mzee Kondo alitazamwa joho tu, nalo lilikuwa zuri. Baada ya mfungo alitangaza barazani kwamba anahamia shamba lake la Fukayosi, ng'ambo ya Ruvu, kuangalia mihogo. Watu walishangaa, maana hawakuwahi kumwona na jembe. Alivuka na Bi Mize, na kila mwezi Abdalla na Salima walikwenda kumtazama. Mimi nilikwenda mara kwa mara na mafuta ya ufuta ya kumlainisha ngozi ya miguu, na kumkumbusha Bi Mize aikague kila jioni, kwa kuwa mwenyewe asingejua akikanyaga msumari. Hayo si dawa. Ni kutunza tu.

Miaka michache baadaye Wajerumani walileta bendera yao, na watu wa pwani hawakuipenda, na manowari zikaleta mizinga. Waliokuwepo wanajua mji ulivyokuwa wiki ile. Tulikimbia bara na tulichoweza kubeba. Mimi nilibeba msio, jambo ambalo jirani zangu walilicheka njia nzima, huku mmoja wao akiwa amebeba mlango.

Abdalla alituongoza. Alikuwa na mtoto begani, Salima nyuma yake, na nyuma ya Salima nusu ya mtaa wetu, maana hakuna aliyejua mahali pengine pa kwenda. Tulipokaribia shamba alisimama, akawageukia watu. Akawaambia mkwewe ana ukoma, ana nyumba, ana mihogo na kisima. Anayetaka kulala porini, pori ni lile.

Watu walitazamana. Mvua ilikuwa inakuja. Yule mtu wa barazani mwenye sauti nzito, ambaye alikuwa miongoni mwetu na mama yake mzee mgongoni, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia uani.

Mzee Kondo alitoka akiegemea fimbo. Nyusi zilikuwa zimekwisha, uso umekuwa mzito, vidole viwili vimekunjamana. Hakumkaribia mtu. Akasema karibuni, akasema jiko liko kule, akasema mihogo iliyo upande wa mashariki ndiyo mitamu, kisha akarudi chumbani kwake ili watu waweze kula. Tulikaa pale miezi. Mwanzo watu walichota maji wakiwa wamekunja nguo, kama kisima kina mikono. Kisha wakaizoea nyumba, na baadaye wakamzoea mwenyewe. Akikohoa chumbani walimuuliza kama amelala vizuri.

Sikukuu ya Idi ilitukuta huko. Asubuhi yake Bi Mize aliniita. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, amevaa kanzu iliyofuliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Bi Kheri, umekuja na lile jiwe?"

"Nimekuja nalo."

"Watu wataswali pale uwanjani. Abdalla ameniambia nisimame safu moja nao." Alisafisha koo. "Mjukuu wangu hunitazama akiwa mbali. Nataka leo niwe na uso wa Idi. Waweza?"

Nilimwambia sijawahi kumsinga mwanamume. Akasema naye hajawahi kusingwa, kwa hiyo hakuna atakayejua tukikosea.

Nikasaga liwa. Nilisaga kwa muda mrefu, mpaka haikuwa na chembe ya mchanga, nikaichanganya na maji ya waridi ambayo Sherbanu alikuwa amenitia mkononi siku tulipokimbia. Nikampaka kwa vidole. Ngozi ilikuwa ngumu hapa na laini pale. Alifumba macho, nami nikamtajia kila mahali nilipofika, shavuni, kipajini, chini ya sikio, ili aweze kunifuata. Ilipokauka nikaipangusa, nikampaka mafuta kidogo, Bi Mize akampitishia chetezo cha udi chini ya kanzu. Uso haukuwa umebadilika. Ulikuwa umetunzwa, basi.

Aliswali safu ya mwisho, Abdalla kulia kwake. Kushoto palikuwa na nafasi, na mzee mmoja wa mtaa wetu aliyechelewa kuja akaitazama nafasi ile, akatazama safu nyingine zilizojaa, akaingia. Sisi wanawake tulikuwa nyuma, niliona vizuri. Swala ilipokwisha watu wakaanza kupeana mikono. Yule mzee akampa Mzee Kondo mkono, akaushikilia, akainamisha kichwa karibu naye akinusa.

"Kondo," alisema, "umejipaka nini wewe? Unanukia kama bibi harusi."

Mzee Kondo alifikiri kidogo. "Mihogo ya huku," alisema, "ina mambo."

Mjukuu akaja akapanda mapajani kwake kumnusa, na hakuteremka mpaka wakati wa chakula. Mimi nikarudi nyuma ya nyumba kuuosha msio. Hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kikombe cha maji kinavyotetemeka mkononi mwangu, nikakiweka chini, nikaita mtu anisaidie kumimina.